Je, Mwenye Hekima Ndiye Atawale?

Mara nyingi tumewasikia wananchi, katika mabaraza ya jioni na mahali pa kazi wakati wa mapumziko, wakisema kwa uchungu kwamba taabu zetu zote zingekwisha kama tungepata mtu mmoja tu mwenye hekima ya kweli. Mtu huyo, wasema, awe hapendi fedha, awe amesoma sana na kufikiri sana. Tumkabidhi nchi, nasi tunyamaze tufanye kazi. Maneno hayo husemwa na watu wema waliochoshwa na viongozi wajinga na viongozi walafi. Ndiyo maana twaona yafaa leo tuyapime kwa utulivu, kwani ndani yake mna jambo la kweli na mna hatari kubwa pia.

Wazo lenyewe si jipya. Yapata miaka 2,400 iliyopita Plato, mwanafalsafa wa mji wa Athens katika Ugiriki, alifundisha katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri kwamba maovu ya miji hayatakoma mpaka utawala na falsafa vikutane katika mtu mmoja. Hakulisema hilo kwa majivuno matupu. Mwaka 399 kabla ya Kristo alikuwa amewaona raia wa mji wake, wakiwa wamekaa barazani kuwa mahakimu, wakimhukumu mwalimu wake Socrates anywe sumu afe. Mtu aliyeona wengi wakimwua mtu mwema kwa kura zao, si ajabu akipoteza imani katika kura.

Plato alitoa mfano wa chombo baharini. Mabaharia wanagombea usukani, kila mmoja akidai kwamba ni haki yake, wala hakuna hata mmoja aliyejifunza unahodha. Aliye peke yake katika kuzijua nyota, pepo na majira, wenzake wamcheka na kumwita mpiga porojo. Je, chombo hicho kitafika? Hapana budi tukiri kwamba mfano huu una nguvu. Hakuna kati yetu atakayetaka kupasuliwa tumbo na mtu aliyechaguliwa kwa makofi, na kuendesha nchi si kazi nyepesi kuliko kupasua tumbo.

Lakini watu wa pwani yetu wavijua vyombo, nao watauliza maswali mawili. La kwanza: ni nani aliyeamua chombo kiende wapi? Nahodha hufundishwa namna ya kufika Kilwa au Lamu, ila hakuna nyota imwambiayo kama abiria wanataka kwenda Kilwa au Lamu. La pili: ni nani aonaye maji kwanza chombo kinapovuja? Si yeye aliyeshika usukani akitazama mbingu. Ni yule aliye chini ngamani, ambaye miguu yake imelowa. Nahodha asiyekubali kupigiwa kelele kutoka ngamani atazama pamoja na elimu yake yote.

Aristotle, aliyekuwa mwanafunzi wa Plato kwa muda wa miaka ipatayo 20, aliliona jambo hilo naye akaachana na mwalimu wake. Alisema kwamba yuko mjenzi wa nyumba na yuko akaaye ndani yake, na katika kuihukumu nyumba, akaaye ndani ajua kuliko aliyeijenga. Vivyo hivyo karamu, mlaji ndiye ahukumuye, wala si mpishi. Wazee wetu hawakusoma kwa Aristotle, nao walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii ndiyo elimu ambayo mwanafalsafa, hata awe bora namna gani, hawezi kuipata chumbani mwake. Lazima aambiwe na wenye kulala kitandani.

Tena tusisahau kwamba hoja hii ya wenye akili kuwatawala wasio na akili imekwisha kutumiwa juu yetu. Serikali ya Mwingereza ilipoandaa uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, wa mwaka 1958 na 1959, haikumruhusu kila mtu mzima kupiga kura. Ilitaka mpiga kura awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Mpagazi wa bandarini, mkata mkonge wa Tanga na mkulima wa pamba wa Usukuma wakaambiwa kwa vitendo kwamba wao hawajui lililo jema kwao, na kwamba wako wenye hekima watakaowajulia. Lakini ni watu kama hao waliochanga senti zao, wakanunua kadi za chama na kujaza viwanja vya mikutano. Historia imeonyesha ni nani aliyekuwa akijua mahali nchi ilipotaka kwenda.

Sisi tuliolelewa katika shule ya misheni tulisimuliwa habari za Mfalme Sulemani tungali watoto wadogo. Tulijifunza jinsi alivyoomba hekima badala ya mali, na jinsi alivyoamua kesi ya wanawake wawili waliogombea mtoto. Ila mwalimu wetu hakukawia sana katika sura zinazofuata, nasi tulizisoma wenyewe tulipokwisha kuwa watu wazima. Humo twaambiwa kwamba mfalme huyo mwenye hekima aliwatoa watu 30,000 kwa shokoa kwenda Lebanoni, 10,000 kila mwezi kwa zamu, tena alikuwa na wapagazi 70,000 na wachonga mawe 80,000 milimani. Alipokufa, watu wakamwendea mwanawe Rehoboamu wakamwomba awapunguzie nira nzito waliyotwikwa na baba yake. Rehoboamu aliwajibu kwa ukali, na makabila kumi yakajitenga naye. Basi hekima ya Sulemani haikuupunguza mzigo begani mwa mpagazi hata ratili moja. Wala haikumfundisha mwanawe kusikia. Katika ufalme ule palikuwa na mwenye hekima, lakini hapakuwa na mahali ambapo mpagazi angeweza kusema bila hofu, “Mfalme, hapa umekosea.”

Plato mwenyewe alipewa nafasi ya kulijaribu wazo lake. Katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, alikuwako mtawala kijana aitwaye Dionysius wa pili, na mjomba wake Dion alikuwa mwanafunzi mpenzi wa Plato. Mwaka 367 kabla ya Kristo Plato akasafiri kwenda kumfanya kijana huyo kuwa mfalme mwanafalsafa. Haukupita muda Dion akafukuzwa nchini. Plato akarudi tena Syracuse mwaka 361, na safari hiyo nusura asitoke. Kisha Dion mwenyewe akaja na askari, akautwaa mji mwaka 357. Hapo basi mwanafunzi wa mwanafalsafa akawa ameshika enzi. Tukitazama alivyofanya, twaona kwamba aligombana na Heraclides, kiongozi aliyependwa na watu wa kawaida, na mwisho akaridhia auawe. Mwaka 354 Dion naye akauawa, katika njama ya rafiki yake Callippus kutoka Athens.

Twaamini kwamba mambo hayo yalimfundisha Plato. Katika uzee wake aliandika kitabu kirefu kiitwacho Sheria, na humo hakuuweka tena mji mikononi mwa mtu mmoja ajuaye yote. Aliiweka sheria juu, na watawala akawafanya watumishi wake, akataka wachunguzwe na kutoa hesabu ya kazi yao. Wanaomtaja Plato kutetea utawala wa mtu mmoja mwenye hekima wangefanya vema kukisoma na kitabu hicho cha mwisho.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya Wagiriki na ya kale. Basi tuje katika bara letu na katika zama za baba zetu. Kama kuna kiongozi wa Afrika aliyestahili jina la mwanafalsafa, ni Kwame Nkrumah wa Ghana. Alisomea falsafa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na mwaka 1964, akiwa rais, alitoa kitabu cha falsafa kiitwacho Consciencism. Aliiongoza nchi yake kupata uhuru mwaka 1957, akajenga shule, bandari ya Tema na bwawa kubwa la Akosombo. Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaofurahi kumdharau. Afrika nzima ina deni kwake.

Lakini wafanyakazi yawapasa kuikumbuka habari ya Sekondi na Takoradi. Wafanyakazi wa reli na bandari wa miji hiyo walikuwa nguzo ya mapambano yake. Mwezi Januari 1950 waligoma kwa ajili ya uhuru, wakahatarisha mkate wao. Mwaka 1961 serikali ya Nkrumah ilileta bajeti iliyowalazimisha wafanyakazi kukatwa sehemu ya mishahara yao iwe akiba ya kujenga nchi. Huenda wenye hesabu ofisini waliona kwamba ni jambo la busara. Ila mke wa mfanyakazi, aliyekwenda sokoni na fedha iliyopungua, alikuwa na hesabu yake pia, na hiyo haikuulizwa. Mwezi Septemba wafanyakazi hao wakagoma, na mgomo ukadumu zaidi ya majuma mawili. Mwisho wake viongozi wao walitiwa kizuizini, pasipo kesi, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1958.

Katika sheria hiyo hiyo alishikwa pia J. B. Danquah. Huyu naye alikuwa mwanafalsafa, aliyepata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha London. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama kilichomwita Nkrumah arudi nyumbani mwaka 1947 awe katibu wao, na mwaka 1948 Mwingereza aliwatia kizuizini wote wawili pamoja. Mwaka 1960 Danquah aligombea urais dhidi ya Nkrumah akashindwa vibaya. Mwezi Februari 1965 alifariki katika gereza la Nsawam, akiwa mfungwa asiyehukumiwa na mahakama yoyote. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Februari 1966, wanajeshi waliipindua serikali Nkrumah akiwa safarini Asia, na katika miji mingi ya Ghana watu walicheza barabarani.

Tulifikiri sana juu ya habari hii kabla ya kuiandika. Wanafalsafa wawili, mmoja Ikulu na mmoja gerezani, na falsafa haikuweza kuwapatanisha wala kumwokoa hata mmoja wao. Hatusemi kwamba Danquah alikuwa na haki katika yote. Twasema kwamba siku ile mlango wa kumpinga Nkrumah kwa maneno ulipofungwa, ulibaki mlango mmoja tu, nao ni wa bunduki. Waliomshangilia mwaka 1957 hawakuwa na njia ya kumwambia mwaka 1965 kwamba wanaumia. Yeye naye hakuwa na njia ya kujua.

Hapa ndugu zetu wengi watatukatiza na kusema: mbona sisi tulimpata mwenye hekima, naye akatawala vema? Hatutaliepuka swali hilo. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtu wa fikra kweli kweli. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafasiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na aliandika mawazo yake kwa lugha ambayo mkulima aliweza kuielewa. Elimu, umoja na heshima ya mtu wa kawaida katika nchi hii ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Lakini twamkosea heshima Mwalimu tukimfanya malaika asiyekosa, maana yeye mwenyewe hakutaka hivyo. Mwaka 1962 alitoa kijitabu kwa wanachama wa TANU, akakiita Tujisahihishe.

Tutazame basi habari ya vijiji. Mwezi Oktoba 1968 Mwalimu aliandika juu ya uhuru na maendeleo, akaeleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Mwaka 1973 ikatolewa amri kwamba mpaka kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini. Mamilioni walihama. Wako waliopata shule na zahanati karibu, na hilo tusilifiche. Lakini mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto, na mkulima akawekwa mbali na shamba lake, mbali na maji na miembe ya babu yake. Maofisa walishindana kupeleka juu hesabu za kaya zilizohamishwa. Mzee aliyejua kwamba udongo wa pale hauoti mahindi hakuulizwa, au alisema asisikiwe. Falsafa ya mwaka 1968 ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni nguvu ya yule mzee kuishika falsafa hiyo mkononi na kumzuia nayo ofisa aliyekuja na lori.

Wafanyakazi wa mijini nao walionja jambo kama hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na ubabe. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam wakayachukua maneno hayo kwa dhati, wakaweka zana chini kuwapinga mameneja waliowatukana. Baadhi yao walifukuzwa kazi. Waliadhibiwa kwa kuamini maandishi ya viongozi wao wenyewe.

Mbona basi jina la Mwalimu limebaki tukufu? Sisi twaona kwamba si kwa sababu hakukosea. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika hadharani habari za mambo yaliyoshindikana. Mwaka 1985 aliondoka madarakani bila kusukumwa na bunduki, na mwaka 1990 akaacha na uenyekiti wa chama. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni, ikaonekana kwamba karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Mwalimu alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba hao 20 wasipuuzwe, na mwaka 1992 nchi ikarudi katika vyama vingi.

Msomaji makini atatuambia: hapo basi hekima iliwashinda wengi, na hoja yenu imeanguka. Twakubali kwamba hekima iliwashinda wengi. Lakini iliwashinda kwa kazi gani? Iliufungua mlango ambao kwao viongozi, pamoja na chama cha Mwalimu mwenyewe, waweza kupingwa na hata kuondolewa kwa kura. Hiyo ndiyo kazi tunayoikubali kwa mwenye hekima akaaye karibu na madaraka. Alama ya hekima yake ni kwamba ajua atakosea, naye aandaa mapema njia ya kusahihishwa. Anayetaka tumkabidhi kila kitu kwa sababu ya elimu yake, ametuonyesha kwamba elimu hiyo bado haijamfikisha hapo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Wenye fikra na waje katika uongozi; nchi isiyosikiliza wanafikra wake ni nchi iliyokata tamaa. Wafundishe, waandike, wabishane, na wakitaka kutawala wasimame mbele ya wapiga kura kama fundi seremala na kama mvuvi. Wakipewa madaraka wapewe kwa muda, chini ya sheria, na hesabu yao isomwe mbele ya watu. Elimu iwe sifa mojawapo ya kiongozi. Isiwe kinga yake.

Nanyi wanachama na wafanyakazi, tusijidanganye kwamba kosa ni la watawala peke yao. Yule asemaye “tumwachie mwenye hekima, nasi tunyamaze” ameshaacha kazi yake. Katika mkutano wa tawi mtu aliyesoma akisimama na kusema kwa maneno marefu, wengi wetu huinamisha vichwa, kisha twatoka nje kunung’unika njiani. Manung’uniko ya njiani hayajamfundisha kiongozi yeyote jambo lolote. Mwenye kujua kwamba maji yanaingia, na aseme ndani ya mkutano, kwa adabu na kwa ushahidi, na wenzake wasimwache peke yake.

Siku za kuchagua viongozi zitakapofika tutaambiwa habari za shahada za huyu na vitabu vya yule. Tuzisikilize kwa heshima. Kisha tuulize juu ya kila mmoja wao: huyu akikosea, ni nani atakayemwambia? Na yule atakayemwambia, usiku huo atalala nyumbani kwake, au atalala rumande? Tukikosa jibu la maswali hayo mawili, shahada zote zile zisitutoshe.